Kabla ya Kuuliza Bei ya Mlango, Kagua Kasha

Kubadilisha makabati ya jikoni ni shilingi ngapi? Swali hili hurudi kila mara, na huja na mwenzake: je, naweza kubadilisha milango tu na kuacha makasha yalivyo? Wengi wanaouliza wameshazungukia mafundi wawili watatu, wakapewa bei zisizokaribiana hata kidogo, na sasa wanajiuliza nani anawalalia. Huenda hakuna anayewalalia. Fundi wa kwanza amehesabu milango na bawaba. Wa pili ameingiza na makasha. Wa tatu ameongeza kaunta ya granaiti, kubomoa ya zamani na kuhamisha bomba. Kila mmoja ametaja bei ya kazi aliyoiona kichwani mwake, na kazi hizo ni tatu tofauti.

Ninachotaka kukushawishi ni hiki: bajeti ya makabati huanzia pasipoonekana, yaani kwenye kasha, chini ya sinki na kwenye ukuta wa nyuma. Mlango ndio unaovutia macho, na ndio uliomo kwenye picha unayomwonyesha fundi kwenye simu, lakini pia ndio sehemu rahisi kuliko zote kubadilisha siku nyingine. Anayeanza na mlango anaweza kuutundika mlango mzuri kwenye kasha linalooza, kisha akalipia kazi ileile mara ya pili. Anayeanza na kasha hujua mapema kama anahitaji fedha kidogo, za kati au nyingi, na hata mazungumzo yake na fundi hubadilika.

## Njia ni tatu

- Kupaka rangi upya. Makasha na milango hubaki. Unalipia msasa, rangi ya msingi, rangi ya mafuta au vanishi, na siku za fundi. Inafaa pale ambapo mbao zote ni nzima na kinachokukera ni mwonekano tu.
- Kuvisha upya. Makasha hubaki mahali pake. Unabadilisha milango, nyuso za droo, bawaba na vishikio, na ubavu wa kabati unaoonekana unafunikwa kwa ubao unaofanana na milango.
- Kubadilisha yote. Makabati ya zamani yanang'olewa na mapya yanafungwa. Humu ndimo fundi bomba, fundi umeme, fundi marumaru na fundi granaiti wanamoweza kuingia, kila mmoja na bei yake.

Kinachotenganisha njia ya pili na ya tatu ni kaunta zaidi kuliko umri wa makabati. Maadamu kaunta inabaki mahali pake, sinki, bomba na marumaru za ukutani navyo vinabaki, na gharama inakaa ndani ya useremala. Kaunta ikilazimika kung'oka, yote yanafunguka kwa pamoja. Granaiti iliyokwisha kugandishwa kwa gundi, silikoni au saruji si rahisi itoke nzima, hasa kwenye tundu la sinki ambako jiwe limebaki jembamba. Kwa hiyo ukiambiwa kwamba kasha moja au mawili yanayobeba kaunta hayafai, usiyahesabu kama makasha mawili. Hesabu na kaunta iliyo juu yake.

## Ukaguzi wa saa moja, kabla ya kumwita fundi

Ukaguzi huu hauhitaji zaidi ya tochi, futi kamba na bisibisi. Ufanye mwenyewe, uandike unachokiona.

1. Toa kila kitu. Kabati lililojaa sufuria huficha doa la maji, kinyesi cha mende na unga wa mbao iliyoliwa.
2. Anza chini ya sinki. Bonyeza sakafu ya kabati kwa kidole gumba, kisha pembe za nyuma. Chipubodi au MDF iliyovimba kwa maji hairudi hali yake hata ikikauka. Ikiwa laini au inamomonyoka, kasha hilo limekwisha.
3. Tafuta mchwa. Gonga mbao kwa mpini wa bisibisi, usikilize mlio wa uwazi ndani. Kagua ukuta na miguu ya kabati kama kuna vijia vya udongo.
4. Jaribu skrubu za bawaba. Skrubu inayozunguka bila kushika inakwambia mbao imechoka mahali hapo. Tundu moja huzibika kwa kijiti na gundi, lakini matundu yaliyolegea kila upande ni kasha lisiloweza kubeba mlango mpya.
5. Pima mshazari. Pima kutoka pembe ya juu kushoto hadi ya chini kulia, kisha pembe nyingine mbili. Vipimo vikilingana, kasha limenyooka. Vikipishana sana, milango mipya haitafungana vizuri hata ikiwa ya gharama kubwa.
6. Tafuta chanzo cha maji. Unyevu unatoka kwenye kiungo cha bomba, ukingo wa sinki au ukutani? Chanzo kisipozibwa kwanza, kabati lolote utakaloweka litafuata njia ya lile la zamani.

Baada ya hapo majibu hujileta. Makasha yote mazima na mpangilio unakufaa: visha upya. Kasha la sinki pekee ndilo bovu na kaunta imebebwa pia na kuta au makasha ya jirani: seremala mzuri anaweza kujenga kasha jipya chini ya kaunta hiyohiyo. Ubovu umeenea, au kaunta yenyewe imepasuka, au jiko halina nafasi ya kukatia mboga: badilisha, na ukubali hesabu yake nzima tangu mwanzo.

## Jiko la zege lina hesabu yake

Nyumba nyingi za Tanzania hazina makasha kabisa upande wa chini. Zina slabu ya zege iliyokaa juu ya vijikuta vya tofali, imefunikwa kwa marumaru au terazo, na seremala amefunga fremu za mbao na milango mbele yake. Mwenye nyumba kama hiyo akisoma ushauri ulioandikwa kwa majiko ya nchi nyingine, huona anatakiwa kubomoa, wakati tayari ana kasha imara kuliko la mbao.

Kwake kuvisha upya ndiyo njia ya kwanza ya kufikiria. Bajeti yake ni fremu, milango, bawaba, vishikio na labda rafu za ndani. Kuna tahadhari mbili. Kwanza, vijikuta vya tofali ni nadra kunyooka sawasawa, kwa hiyo kila uwazi upimwe peke yake, juu, katikati na chini. Asikubali fundi apime mmoja kisha azidishe kwa idadi. Pili, fremu iliyogusa sakafu na plasta hunyonya unyevu na ni ngazi ya mchwa. Akiinua fremu kutoka sakafuni kwa kitako cha marumaru na kuipaka dawa kabla haijafungwa, ameokoa kazi yote.

## Hesabu ya bodi

Wengi hudhani kwamba kwa kuwa kuvisha upya hutumia mbao chache, bei yake itakuwa sehemu ndogo sana ya bei ya makabati mapya. Tuipime dhana hiyo. Chukua makasha 6 ya chini, kila moja likiwa na upana wa sentimita 60, kimo cha 72 na kina cha 56, lenye mlango mmoja na rafu moja. Bodi ya kawaida madukani ni futi 8 kwa 4, takriban sentimita 244 kwa 122.

Kuvisha upya kunadai:

- bodi 1 ya milimita 18, inayotoa milango yote 6
- bawaba 12 na vishikio 6
- takriban mita 16 za utepe wa kufunika kingo za milango
- ubao wa kufunika ubavu unaoonekana, kama upo

Kubadilisha kunadai:

- bodi 4 za milimita 18 kwa makasha na rafu, na 1 kwa milango
- bodi 1 nyembamba kwa migongo
- bawaba 12 na vishikio 6
- miguu au kitako, skrubu, gundi, na utepe zaidi kwa kingo za makasha na rafu

Bodi zimepanda kutoka 1 hadi 6, lakini bawaba na vishikio havikubadilika. Kazi ya kutundika milango na kuilinganisha ni ileile pia, na ndiyo kazi inayotaka mkono mtulivu. Ndiyo maana bei ya kuvisha upya haishuki kwa kiasi ambacho mtu hutarajia, na ukichagua bawaba za gharama zinazojifunga polepole, tofauti inapungua zaidi. Akiba halisi ya kuvisha upya iko pengine: hukugusa kaunta, hukumwita fundi bomba, hukuvunja marumaru, na jiko halikufungwa kwa muda mrefu. Basi ukiamua kuvisha upya, ilinde akiba hiyo. Ukianza kusema “tukiwa hapahapa tuhamishe na sinki”, umeshahamia njia ya tatu bila bajeti yake.

Angalia na droo. Mlango mmoja unadai bawaba 2. Kasha hilohilo likiwa la droo 3 linadai jozi 3 za reli, visanduku 3 vya ndani na nyuso 3. Droo ni nzuri kwa vyombo vizito na kwa mgongo wa mpishi, lakini weka seti moja au mbili pale unapozitumia kila siku, badala ya kila kasha.

## Vitu vinavyosahauliwa

Mafundi wengi hutaja bei ya kabati peke yake. Andika mistari hii katika bajeti yako hata kama baadhi itabaki sifuri:

- kung'oa makabati ya zamani na kubeba taka
- usafiri wa bodi, na kukatiwa kwa mashine kama fundi wako hana
- kubandika utepe wa kingo kwa mashine ya joto
- fundi bomba: viungo vipya, mtego wa maji chini ya sinki, silikoni
- fundi umeme: soketi za jokofu, birika na blenda, kabla makabati hayajafunika ukuta
- plasta, rangi au marumaru pale makabati ya zamani yalipoacha alama
- dawa ya mchwa
- chakula na mahali pa kupikia siku ambazo jiko limefungwa

Juu ya jumla hiyo ongeza akiba ya dharura: asilimia 10 ukivisha upya, na 15 hadi 20 ukibomoa katika nyumba ya zamani, maana ukuta hauonekani mpaka kabati litoke. Akiba hiyo usimtajie fundi, na usiitumie kununua vishikio vizuri zaidi.

Gesi nayo ina mstari wake. Gesi ya kupikia ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutulia chini. Mtungi ukikaa ndani ya kabati lililofungwa bila matundu, mvujo unajikusanya hapo. Weka mtungi nje ya nyumba mahali salama kama inawezekana. Kama haiwezekani, kabati lake liwe na matundu ya hewa karibu kabisa na sakafu na lisiwe na soketi ya umeme ndani.

## Chagua mbao kwa mahali zinapokaa

Mninga, mkongo na mvule ni mbao zenye heshima, na makabati ya mninga mazima hayastahili kutupwa kwa sababu ya vanishi iliyofifia. Lakini mbao ya thamani ikikatwa mbichi hupinda kama nyingine yoyote. Uliza imekaushwa vipi na kwa muda gani. Milango iliyotengenezwa kwenye unyevu wa Tanga au Dar es Salaam ikapelekwa Dodoma hukutana na hewa kavu zaidi, ikasinyaa. Kama haikukauka vizuri, mapengo na nyufa huonekana. Paini ya mashamba kama Sao Hill kule Mufindi ni nafuu na hukubali rangi, ila inataka dawa dhidi ya wadudu.

Kwa bodi, panga fedha kwa kufuata maji. Kasha la sinki na makasha ya jirani yake yapate plaiwudi nzuri, kingo zote zikiwa zimezibwa, hata zile zisizoonekana. Makabati ya juu yaliyo mbali na maji yanaweza kuwa ya MDF au chipubodi yenye melamini. Milango ya MDF iliyopakwa rangi hutoka laini na nzuri, ilimradi kingo za chini zisiachwe wazi. Bodi zinazouzwa kama zinazostahimili unyevu mara nyingi hutiwa rangi ya kijani ndani, lakini rangi hiyo peke yake si ushahidi, na hata zile za kweli hazikuundwa kukaa majini. Pwani ongeza fedha kidogo kwenye vyuma, kwa kuwa hewa ya chumvi hula bawaba hafifu kabla milango haijachoka.

## Mashaka mnayoyaleta

“Kwa nini nisinunue yaliyo tayari dukani?” Nunua, kama kuta zako zimenyooka na vipimo vinakubaliana. Makabati tayari huja kwa upana maalumu, na pengo linalobaki pembeni hujazwa na seremala yuleyule uliyetaka kumkwepa. Uliza pia kama bawaba na reli za aina hiyo hupatikana kirahisi madukani. Bawaba nyingi za kujificha hutumia tundu la milimita 35, kwa hiyo mbadala si wa shida, lakini reli za droo hutofautiana zaidi.

“Fundi wangu anatoza kwa mita, si ni rahisi kulinganisha?” Ni rahisi pale tu mita hizo zina vitu vilevile. Mita moja ya milango mitupu na mita moja ya droo si kitu kimoja. Muulize: mita hiyo ni ya chini, ya juu au vyote viwili? Kaunta imo? Vyuma ni vya aina gani?

“Sina fedha za kufanya yote.” Basi gawa kazi kwa upande. Maliza upande wa sinki ukamilike kabisa, halafu upande wa pili baadaye. Nunua bodi za milango yote kwa pamoja kama unaweza, kwa sababu rangi ya bodi ya leo huenda usiipate mwakani. Usigawe kwa kushusha ubora wa jiko zima.

“Kupaka rangi si kutapeli macho?” La, iwapo mbao ni nzima na maandalizi yamefanywa: kuosha mafuta, kupiga msasa, kupaka rangi ya msingi, kusubiri ikauke. Tahadhari ni kwa rangi za zamani sana, ambazo zinaweza kuwa na risasi. Zipige msasa zikiwa na maji, vaa barakoa, na watoto wakae mbali mpaka vumbi lifutwe.

## Namna ya kuomba bei na kulipa

1. Chora jiko kwa mkono, weka vipimo, idadi ya milango, droo na rafu. Wape mafundi watatu karatasi hiyohiyo, wawe wa Keko jijini Dar es Salaam, wa mtaani kwako au wa dukani.
2. Dai bei iliyogawanywa: bodi, vyuma, kaunta, ufundi, usafiri. Bei ya jumla tupu haiwezi kujadiliwa.
3. Nenda mwenyewe madukani uulize bei ya bodi na bawaba zilizotajwa. Fanya hivyo wiki ileile, maana bei hubadilika.
4. Ona kazi yake iliyokwisha kutumika mwaka mmoja au zaidi. Fungua milango, chungulia chini ya sinki.
5. Andikianeni: aina na unene wa bodi, aina ya bawaba, tarehe, na nani analipia kosa la kipimo.
6. Lipa vifaa dukani kwa risiti, na ugawe ufundi katika sehemu tatu: kazi ikianza, makabati yakifungwa, na baada ya wiki moja ya kuyatumia.

Utaambiwa hakuna fundi atakayekubali kungoja wiki. Fundi ana familia na nauli, na ni haki yake kulindwa. Kwa hiyo sehemu ya mwisho iwe ndogo, na ilipwe siku iliyoandikwa bila kuzungushwa. Wiki hiyo ina sababu ya kiufundi: milango mipya hushuka kidogo ikianza kutumika, bawaba hutaka kukazwa tena, na kiungo cha bomba kinachovuja polepole hujionyesha. Mlipaji mwaminifu humpata fundi akirudi.

## Fedha zikipungua, punguza wapi?

Karibu kila bajeti hukatwa njiani, kwa hiyo amua mpangilio wa kukata kabla hujaanza. Kata kwanza vishikio, kwa kuwa hubadilishwa kwa bisibisi siku yoyote. Pili, kata umbo la mlango: mlango bapa hufanya kazi sawa na wenye nakshi, na ni rahisi kuufuta mafuta. Tatu, kata idadi ya droo. Nne, ahirisha makabati ya juu, weka rafu za ubao kwa sasa.

Usikate kasha la sinki, bawaba, kuzibwa kwa kingo, wala fundi bomba. Hivyo ndivyo visivyoonekana, na ndiyo maana huwa vya kwanza kukatwa. Fedha utakayookoa hapo ni ya bodi moja na jozi chache za bawaba. Hasara yake, maji yakishaingia, ni kasha, na juu ya kasha kuna kaunta, na kaunta ndiyo uliyokuwa umefanikiwa kuiacha mahali pake.